Somo Tulilolifuta



Katika parishi yetu, mkoani Dodoma, kasisi ni mmoja na makanisa ni saba. Jumapili akiwa huku, kwingine kote ibada huongozwa na walei: mkulima, mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani. Hao ndio tunaowaita wasomaji. Wana kibali cha Askofu cha kuongoza Sala ya Asubuhi na ya Jioni, kuhubiri, na kuzika pale kasisi asipoweza kufika. Hawabariki mkate na divai ya Ushirika Mtakatifu wala hawatamki ondoleo la dhambi. Hayo ni ya kasisi. Mshahara hawana. Kanisa la Uingereza lilifufua huduma hii mwaka 1866, na wanawake wakakubaliwa huko mwaka 1969. Kwetu Ugogo, walimu na wainjilisti wasio na daraja walikuwa wakitembea kijiji kwa kijiji na Injili hata kabla Dayosisi ya Central Tanganyika haijaundwa mwaka 1927.

Sisi ni wauguzi wawili wa kituo cha afya, tena ni akina mama wa kanisa hilohilo. Tulipoombwa kusaidia mafunzo ya wasomaji, kwanza tulipika. (Nani mwingine angepika?) Baadaye tukapewa somo la kufundisha: kutembelea wagonjwa, muda wa saa mbili, siku ya nne alasiri.

Juni 2018 tulikuwa na wanafunzi kumi na mmoja. Kila mmoja alitakiwa ahubiri dakika kumi mbele ya wenzake, kisha akosolewe. Ninyi mnawajua wanaume wakipewa dakika kumi. Siku ya nne ilipofika, wanne walikuwa bado hawajahubiri. Kiongozi wa mafunzo akatuuliza kama tungeachia saa zetu. Tulikubali upesi, maana maharage yalikuwa motoni. Tukasema, "Kumtembelea mgonjwa, nani hajui?" Maneno hayo yalitoka vinywani mwetu, hatuwezi kumsingizia mtu.

Mwezi wa Novemba mke wa msomaji mmoja alikuja kituoni, mtoto mgongoni. Hakuwa mgonjwa. Alikaa mwisho wa benchi mpaka watu wakaisha, ndipo akasema, "Dada zangu, nimekuja kwa habari ya baba watoto."

Mumewe alikuwa akimtembelea bibi mmoja mwenye presha kila Ijumaa. Bibi alimwambia kwamba vidonge vinamchosha na kichwa hakimsumbui tena. Naye, kwa moyo mweupe kabisa, akamjibu, "Mama, imani yako inatosha." Bibi akaviweka vidonge kwenye kopo, akafunika. Baada ya wiki chache alianguka jikoni. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande.

Sisi tunaoshinda na wagonjwa tunajua jinsi presha inavyodanganya. Haina kelele. Mtu hujisikia mzima huku mishipa yake ikiumia, na kichwa kutouma si ushahidi wa kupona. Vidonge humezwa kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Tungeyasema hayo katika robo saa tu.

"Sasa hali, halali," yule mama aliendelea, "anasema atairudisha kanzu ya kanisa. Na mimi nimemwambia airudishe. Mtama niliuvuna peke yangu mlipokuwa naye huko mafunzoni. Kama faida yenyewe ndiyo hii, airudishe."

Hatukuwa na jibu. Tulimpa maji ya kunywa, kisha tukamweleza habari ya somo tulilolifuta. Alitutazama kwa muda mrefu. Hakutulaumu, na hilo lilituuma zaidi.

Jumamosi tulikwenda kwa bibi sote wanne. Msomaji alipiga magoti akaomba msamaha, nasi tukaomba wetu. Bibi, ambaye maneno yalimtoka kwa shida, alisema, "Mwanangu, na mimi nilitaka kusikia hivyo." Kisha akaomba asomewe zaburi kama kawaida. Yule bwana alifungua Biblia, sauti ikakataa. Mkewe aliichukua mkononi mwake, akasoma yeye.

Tulimweleza kasisi kila kitu, pamoja na sehemu yetu. Alimpumzisha msomaji miezi mitatu, na hakuipokea kanzu. Tangu hapo somo la wagonjwa hufundishwa siku ya kwanza asubuhi, kabla mtu yeyote hajahubiri. Tunawafundisha kukaa chini na kusikiliza, kuomba kwa ufupi, kutopeleka siri ya mgonjwa kwenye mahubiri, na kutomwachisha mtu dawa hata kidogo. Kabla ya kufungua Kitabu cha Sala wamwulize, "Dawa umekunywa?" Na wakiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki sawa, wasibaki kuomba pale, watafute pikipiki, wakaombe njiani. Wengine huona neno hilo ni gumu. Tunalirudia.

Jambo la mtama nalo hatukuliacha. Mafunzo yamehamishiwa Septemba, mashamba yakiwa wazi, na wenzi wa wanafunzi huitwa siku moja waseme yaliyo moyoni. Siku hiyo viongozi hunyamaza sana.

Yule bwana alirudi kwenye huduma. Ijumaa zake kwa bibi hazikukoma, ila sasa kwanza alihesabu vidonge pamoja naye. Septemba 2022 mkewe alikuja mafunzoni, safari hii akiwa mwanafunzi. Mumewe alibaki na watoto nyumbani, na kuku wawili wakaibiwa. Habari za kuku hao tulizisikia wiki nzima.