Kutafuta Nota za Wimbo wa Guku

Mwaka mzima nilitafuta karatasi moja. Niliitaka ile ya mistari mitano yenye vichwa vyeusi vya nota, na juu yake liandikwe jina la wimbo wa babu yangu. Sisi Wasukuma babu tunamwita Guku.

Kwanza nijieleze. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yalinipeleka karashani. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na hapa Nyarugusu, mkoani Geita, inalia kutwa nzima hadi ukilala bado unaisikia. Mchana nasaga mawe, usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku. Riwaya imekwama sura ya tatu, pale mzee anapoanza kuimba.

Guku alipofariki, Bibi aliniita pembeni. "Mume wangu," akasema (bibi zetu ndivyo wanavyotutania), "siku ya kumbukumbu ya mwaka nataka uimbwe ule wa kwake. Sitaki muziki wa kukodi."

Guku alikuwa ningi, yaani mtunzi na mwimbishaji wa ngoma, tangu alipokuwa kijana huko Tinde, Shinyanga, kabla hajahamia Geita na ng'ombe wake kama walivyohama Wasukuma wengi. Alikuwa wa chama cha Bagalu. Walilima mashamba ya watu kwa bugobogobo: ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, na ekari inaisha huku watu wanacheka. Wewe uliyeiona bugobogobo uwanjani tu kwenye sherehe, ujue ilikuwa kibarua kwanza. Baada ya mavuno ndipo Bagalu walipokutana na wapinzani wao, Bagika. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na linalovuta watazamaji wengi ndilo limeshinda. Matusi ya kwenye nyimbo yalikuwa halali.

Kwaya ya vijana wa kigango chetu ilikubali kuimba, ila mwalimu wao akaweka sharti: "Niletee nota."

Nikaanza na Bujora, pale Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Makumbusho hayo ya Wasukuma ni kazi ya Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyezipenda ngoma hadi akazikaribisha kanisani. Kila Juni Bagalu na Bagika hushindana hapo kwenye sikukuu ya Bulabo. Niliona ngoma za watemi, nikaona jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Nota za Guku hazikuwepo, na zingekuwepo vipi? Umaarufu wake ulivuka vijiji vinne tu.

Mshikaji mmoja anayesoma chuo kikuu akanionyesha kitabu cha Mmarekani Frank Gunderson kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, kilichotolewa na Brill huko Leiden, Uholanzi, mwaka 2010. Nyimbo zaidi ya 300! Nilisoma hadi macho yakauma. Wa Guku haumo. Nikasikia pia habari za Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi nyimbo, na kwamba hazina yake inatunzwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Lakini mwaka 1950 Guku alikuwa bado anachunga ndama.

Nikarudi kwa mwalimu wa kwaya mikono mitupu. Badala ya kunihurumia, akanipa kisa cha Waayalandi. Nyimbo zao nyingi za kucheza, alisema, zilikaa vichwani na vidoleni mwa wapigaji. Francis O'Neill, mtoto wa Ireland, alihamia Marekani, akapanda cheo hadi kuwa mkuu wa polisi wa Chicago mwaka 1901. Nyimbo za kwao alikuwa nazo tele, ila kuandika nota hakuweza. Askari mwenzake, James O'Neill, ndiye aliyekaa akamsikiliza na kuandika. Mwaka 1903 kikatoka kitabu chenye nyimbo 1,850, na mpaka leo anayetafuta nota za nyimbo hizo hukifungua.

"Na wewe umezunguka kote huko," mwalimu akasema, "wakati nyumbani una bibi. Mlete."

Bibi akaja, akakaa kwenye benchi la kwaya, akaimba. Mwalimu aliandika do-re-mi kwanza, kisha akahamishia kwenye mistari. Kwa robo saa nilikuwa na raha isiyosemeka. Halafu mwalimu akaweka kalamu chini. "Mama, hiki ni kiitikio tu. Sauti ya kwanza iko wapi?"

"Hiyo ilikuwa ya mwenyewe," Bibi akajibu. "Mimi nilikuwa naitikia."

Maneno ya Guku aliyasema yote, kama mtu anayesomewa barua akairudia. Kuyaimba akakataa kabisa. Basi karatasi ikawa na mstari wa chini uliojaa na wa juu mweupe. Nilipomsindikiza nyumbani ndipo akasema, kwa shingo upande, kwamba aliyebaki anayeujua ni yule Mgika wa Tinde. Jina lake hakulitaja.

Nilimkuta mzee huyo chini ya mwembe anasuka kamba. "Mwangaluka, guku." Akaitikia, akaniuliza mimi mjukuu wa nani. Nilipomwambia, aliangusha kamba akacheka hadi akakohoa.

"Babu yako alinishinda mara mbili kihalali. Ya tatu alinishinda kwa dawa."

Nilimpa pole kwa mara ya tatu. Kisha nikamweleza shida yangu, na akanyamaza kidogo. "Amekufa lini?" Hakuwa na habari. Aliangalia barabara kwa muda, halafu akasema kwamba wimbo ule aliujifunza usiku, amejificha nyuma ya zizi la kina Guku, ili akaugeuze na kumtukania uwanjani. Akaimba. Sauti ilikuwa imechoka lakini haikusita mahali popote, na mimi nikarekodi kwenye simu. Tatizo ni maneno. Aliyoyajua ni yale ya kwake, kwamba Guku ni mwanamume anayelima kwa mdomo huku jembe liko begani, na hilo ndilo tusi dogo kuliko yote niliyobeba siku hiyo kwenye basi kurudi Geita.

Ningempigia Bibi sauti ile? Nisingethubutu. Mwalimu aliisikiliza kwa spika za masikioni, akachukua tuni akaacha maneno, akaujaza mstari wa juu na kuweka chini yake maneno ya Guku. Jumamosi jioni kwaya ikafanya mazoezi, Bibi akiwa amekaa nyuma karibu na mlango. Mimi nilishika karatasi kama mwenye hati ya kiwanja.

Walipofika ubeti wa pili Bibi akainuka.

"Hapo siye. Huyo ni yule Mgika."

Kanisa likawa kimya. Nilihisi jasho. Mwalimu akamwuliza ni wapi, akampigia kipande kile kwenye kinanda, mwisho wake ukipanda.

"Anapandisha ili watu wamtazame," Bibi akasema. "Mume wangu alishusha. Jembe lilikuwa linashuka."

"Alishusha vipi, Mama?"

Bibi alitutazama sote, akavuta khanga begani. Kisha akaimba mstari wa Guku, wote, tangu mwanzo, kwa sauti nzito ambayo sikujua anayo. Mwalimu akachukua raba akafuta.

"Umeandika?" Bibi akauliza.

"Bado, Mama. Rudia hapo mwisho."

Akarudia.