Nilichemsha, Kumbe Haitoshi!

Jamani, msinicheke. Mie mtoto wa Shinyanga mjini nilikwenda Nyarugusu, Geita, kumsalimia kaka yangu mchimba dhahabu. Siku ya pili tumbo likachafuka, nikashinda njia ya chooni. Du!

Shemeji akanipa pole, kisha darasa: maji ya kisima hayanywewi hivi hivi. Yachemke mpaka yatokote kabisa, dakika moja inatosha, uyafunike, yapoe humo humo. Moto unaua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara.

Basi nikajiona mtaalamu! Jioni nikaokota ndoo ya maji pale wanapokamatia dhahabu kwa zebaki, nikaibandika jikoni. Kaka akaja mbio, akaimwaga.

"Mdogo wangu, unataka kutuua? Zebaki siyo kijidudu, haifi kwa moto! Ukiichoma, mvuke wake nao ni sumu."

Nilinywea. Shemeji ana mimba, na sumu hiyo humfikia mtoto tumboni.

Siku hizi nauliza kwanza: maji haya yametoka wapi? Jibu likiniridhisha, ndipo nawasha jiko. Nawe mshikaji, uliza kabla hujabugia!