Pale Nyumba Zinapokoma



Sisi tukaao Enfield, kaskazini ya London, tunaishi mwisho wa mji. Ikipita nyumba ya mwisho pana ua wa miti, na nyuma ya ua huo ni konde la ngano. Kwetu Pwani mji huisha kidogo kidogo: nyumba, minazi, nyumba tena, kisha mihogo. Huku umekatwa kama mkate. Sababu ni sheria. Ile ya mwaka 1938, na ile ya mipango ya miji ya 1947, ziliwezesha kuhifadhiwa ukanda wa kijani kuuzunguka mji, usijengwe ovyo.

Miaka mingi tuliishia langoni. Tulidhani kuingia konde la watu ni kujitafutia balaa, hasa kwa kanzu na mabuibui yetu. Wajukuu nao wakairithi hofu hiyo. Siku moja jirani yetu, bibi kizee wa Kiingereza, alituonyesha mshale wa manjano uliopigiliwa nguzoni. Kumbe ni njia ya umma: kila aendaye kwa miguu ana haki ya kupita, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuiziba.

Sasa, baada ya Alasiri, twatoka. Mwezi wa Agosti watoto huchuma matunda ya miiba yafananayo na forosadi, wakarudi na vidole vyeusi.

Twakuusieni: fuateni mshale, fungeni malango nyuma yenu, msikanyage mazao. Hofu tuliyokuja nayo sisi tusiwarithishe waliozaliwa hapa.