Dereva Mmoja, Matatu Tatu

Wasee, kila nikiposti video ya mashine yangu ya CNC hapa Birongo, swali ni lile lile: "Bro, lazima ninunue draiva tatu? Si nitumie moja, niihamishe na rilei kutoka mota moja hadi nyingine?"

Najua swali linatoka wapi. Linatoka mfukoni. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na mashine hii nimeiunda na vyuma vya printa kuukuu. Kuhesabu sarafu naelewa. Lakini jibu langu bado ni hapana, na nataka ujue kwa nini.

Draiva ndiyo inapelekea mota umeme hatua kwa hatua. Stepa ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Umeme ukiwepo, mota hushika mahali pake hata ikiwa imesimama. Ukiukata upeleke kwa mhimili mwingine, ile ya kwanza inalegea. Ni kama dereva anaacha matatu kwa mteremko bila handbreki, anakimbilia nyingine. Na sisi watu wa Gusii miteremko tunaijua.

Shida ni kwamba programu kama GRBL haina macho. Inahesabu tu hatua ilizotuma. Mtetemo ukisogeza mota, mashine inaendelea kuchonga ikidhani iko pale pale. Kama hilo ni jiwe la Tabaka la mteja, umelimaliza. Jiwe halirudishiwi kipande.

Halafu jaribu kuchonga neno BIRONGO. Mstari wa kulala unatumia X, wa kusimama unatumia Y. Mshazari na mviringo zinataka X na Y zitembee pamoja. Kwa draiva moja, herufi itakayotoka safi ni I peke yake. Hizo O mbili zitakuwa ngazi.

Na rilei ikibadilisha mota wakati umeme unapita, koili inarudisha mshtuko unaoweza kuua draiva. Sasa umeokoa nini?

Kuna mtu atasema, "Lakini Prusa walifanya." Kweli, kifaa chao cha kwanza cha kuprinti rangi nyingi kilitumia draiva moja kwa mota 4 za kusukuma plastiki. Ilikubali kwa sababu plastiki husukumwa moja moja, kwa zamu. X na Y hazina zamu.

Kama mhimili wako mmoja una mota mbili, kushoto na kulia, hiyo ni stori tofauti, kwa sababu zote zinafuata amri moja. CNC Shield ina nafasi ya 4 imeandikwa A. Weka draiva hapo, panga jampa inakili Y. Hapo unagawana amri, na kila mota ina draiva yake.

Pesa haitoshi? Usigawe draiva, punguza mihimili. Anza na mashine ya kuchora: draiva mbili za X na Y, na servo ndogo ya kuinua kalamu, ambayo haihitaji draiva ya stepa. Chora kadi, chora mabango, uza. Draiva ya tatu ijinunue yenyewe, ndio uanze kuchonga mawe.

Wewe ulianza na mihimili mingapi? Niambie hapo chini.