Njia ya Same

Anayeshuka basi Same, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, hupokewa na upepo mkavu na vumbi. Kijani kipo juu, milimani Upare, kwenye migomba, kahawa na mifereji. Huku chini ndiko iliko ofisi ya wilaya, na ndiyo sababu watu wamekuwa wakiteremka.

Januari 1945 waliteremka kwa maelfu, wakapiga kambi hapa kuipinga mbiru, kodi ya serikali ya Kiingereza iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliiandika habari hiyo. Kulipa kodi hawakukataa. Walichokataa ni kukadiriwa na watu wachache bila wao kuulizwa. Wake zao wa Usangi nao baadaye walimkabili afisa wa serikali, wakitaka jambo limalizwe waume zao warudi nyumbani. Mwaka 1946 ikaundwa Pare Union, na waliojua kalamu wakapata chombo cha kusemea. Mwishowe mbiru ikaondolewa.

Nimeipita njia hiyo mara nyingi bila kuifikiri. Safari hii nilikuwa na karatasi mfukoni: viwango vya mchango wa tangi la maji la msikiti wetu huko Usangi. Mtumishi wa mshahara shilingi elfu hamsini, mwenye duka elfu arobaini, mkulima elfu ishirini. Hesabu haikuwa na dosari, niliiandika mwenyewe. Tulikuwa watu saba, wote wenye mshahara au duka. Sura ya arobaini na mbili inaitwa Ash-Shura, nami nimeifundisha madrasa, lakini mkulima hata mmoja hatukumwita.

Baada ya swala ya Alasiri niliisoma ile karatasi. Nyuma ya pazia sauti ya mama mmoja, mtu mzima, ikauliza kwa upole:

"Katibu, mwanangu, shamba langu mlilipima lini?"

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliniangalia, nami nikaangalia karatasi. Kahawa ya mama yule nilikuwa nimeikadiria nikiwa dukani, nikinywa chai.

Tumeahirisha kiwango. Kikao ni Jumamosi, baada ya Adhuhuri, kwenye uwanja wa madrasa, na akina mama wameshatuletea majina yao matatu.