Pima Kwanza, Ndipo Ulaumu

Ndugu msomaji, huenda nawe unaye nyumbani mtoto asiyetulia mpaka ameifungua redio mbovu aone kilichomo. Mimi ninaye: binti yangu wa miaka 12.

Jumamosi moja tulikaa mezani kuunda taa ndogo inayowaka na kuzima yenyewe. Vifaa vyake si vingi: betri ya volti 9, kibao chenye njia za shaba, taa nyekundu ndogo kama punje ya muhindi, rezista tatu, kapasita moja, na chipu ya miguu 8 iitwayo 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971. Kapasita hujaa umeme polepole kupitia rezista, kisha hupunguzwa, mfano wa mtungi chini ya bomba. Nayo chipu huwasha na kuzima taa kwa kufuata kujaa na kupungua huko.

Binti alipanga vifaa. Mimi, kwa kuchelea asijiunguze, nikajitwalia kazi ya kulehemu. Tulipounga betri, taa haikuwaka. "Umeiweka kinyume!" nikamkaripia, maana taa za namna hiyo hupitisha umeme upande mmoja tu. Hakujibu. Akaanza kukusanya vitu vyake kimya kimya, nami nikatambua kwamba akiinuka pale hatarudi tena.

Nikamwomba tupime. Mita aliishika mwenyewe. Kwenye betri, volti 9. Kwenye njia ya shaba, 9. Kwenye mguu wa 8 wa chipu, unaopokea umeme, mshale ukaporomoka karibu na sifuri. Tukakigeuza kibao. Risasi ilikuwa imeganda juu ya shaba kama tone, bila kuushika mguu. Taa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mkono wangu.

"Nisamehe, mwanangu."

"Basi nipe mimi nilehemu, baba."

Akaupasha moto mguu pamoja na shaba, kisha akagusisha risasi. Ikayeyuka na kutandaa vizuri. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka tena, mara 3 katika kila sekunde 2.

Ndugu msomaji, sisi wazazi twaharakisha kuhukumu kwa kuutegemea ukubwa wetu. Mita haijui mkubwa wala mdogo. Kabla hujamwambia mwanao amekosea, pima kwanza. Na ukiona kosa ni lako, likiri mbele yake. Ile taa ingali dirishani kwake.