Hukumu ya Njiwa Wapindukao

Kuhukumu ni kazi inayofanywa na kila mtu na kuwezwa na wachache. Sokoni mnunuzi huhukumu ndizi, mkutanoni msikilizaji huhukumu hotuba, na darasani mwanafunzi humhukumu mwalimu mgeni kabla hajaandika neno la kwanza ubaoni. Hukumu za namna hii hupita kama upepo, na aghalabu hazimdhuru mtu. Lakini iko hukumu nyingine, ile inayoandikwa, ikatiwa sahihi, ikaitwa cheti. Hiyo humfuata aliyehukumiwa kila aendako. Nataka, msomaji wangu, tuitazame hukumu hii ya pili kwa mfano usio wa kawaida, nao ni mfano wa njiwa.

Hapa Nkubu, katika mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, njiwa si ndege mgeni. Utamwona juu ya mabati ya maduka, na katika vijumba vya mbao vilivyoinuliwa juu ya nguzo karibu na nyumba za watu. Vijana humfuga kwa furaha ya macho, na wengine kwa kitoweo. Sifa yake ni kuzaa upesi na kurudi nyumbani jioni. Kipanga akipita, kundi zima huruka kwa kishindo, likazunguka mara mbili tatu juu ya migomba, kisha likatua. Zaidi ya hayo hatumtazamii njiwa kufanya ajabu.

Hata hivyo, katika ukoo uo huo wa njiwa wako wafanyao ajabu. Wakiwa juu sana angani, huinua mabawa, hujirusha kinyumenyume, wakapinduka na kupinduka tena kwa kasi ambayo macho hayawezi kuhesabu. Huonekana kama mpira mdogo unaodondoka kutoka mawinguni. Wakishashuka futi kumi, ishirini, au zaidi, husimamisha mpinduko ghafula, wakanyosha mabawa na kupanda tena kuwafuata wenzao. Watu wa Birmingham, katika Uingereza, na wa miji ya viwanda iliyo karibu nao, waliwachagua na kuwazalisha njiwa hao kizazi baada ya kizazi, hata wakaitwa kwa jina la mji huo. Charles Darwin, aliyekuwa mfugaji wa njiwa na mwanachama wa vyama viwili vya wafugaji mjini London, aliwataja njiwa wapindukao katika kitabu chake cha mwaka 1859, akionyesha kuwa tabia yao ni ya kurithiwa. Njiwa hafundishwi kupinduka. Huzaliwa na jambo hilo ndani yake, na kazi ya mfugaji ni kuchagua ni nani atakayezaa na nani.

Basi hapo ndipo hukumu inapoingia. Kama mfugaji hajui njiwa yupi ni bora, atachagua vibaya, na uzao wake utaharibika. Tena hawezi kujitegemea mwenyewe, kwa kuwa mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Kila mfugaji huona njiwa wake wapinduka kuliko wa jirani. Futi kumi za njiwa wake huziita ishirini, na futi ishirini za mwenzake huziita kumi. Kwa sababu hiyo wafugaji wa nchi nyingi, tangu Uingereza na Marekani hata Afrika ya Kusini, walijiwekea mashindano, na katika mashindano wakaweka mwamuzi na sheria.

Sheria zenyewe zastahili kutazamwa, kwa maana ndani yake mna akili nyingi. Katika mashindano yao makubwa ya dunia, kila mshindani hurusha kundi moja la njiwa wasiozidi ishirini, na hupewa dakika 20 za kuhukumiwa. Dakika hizo hazianzi njiwa wanapotoka kizimbani. Huanza pale mwenye njiwa anapotamka mwenyewe kuwa yu tayari. Akishatamka, hapana kurudi nyuma: saa yaenda. Mwamuzi husimama chini, shingo kaikunja, na kando yake yupo mwandishi anayeandika kila neno atakalosema, ili macho ya mwamuzi yasiondoke angani hata nukta moja.

Alama hazitolewi kwa njiwa mmoja apindukaye peke yake. Lazima wapinduke watano au zaidi kwa wakati mmoja, kwani sifa ya kundi ni umoja. Wakipinduka saba pamoja, hupata alama saba. Wakifika kumi, kila njiwa huhesabiwa alama mbili. Wakifika kumi na watano, alama tatu. Na wakipinduka wote ishirini kwa pamoja, kila mmoja huhesabiwa alama tano. Hivyo mpinduko wa njiwa saba ni alama 7, wa njiwa kumi na wawili ni alama 24, na wa njiwa ishirini ni alama 100. Kadiri umoja unavyokuwa mgumu, ndivyo unavyolipwa.

Lakini wingi peke yake haukuwatosha waliotunga sheria. Baada ya dakika 20 kwisha, mwamuzi hutoa tarakimu mbili, kila moja kati ya 1.0 na 2.0. Ya kwanza ni ya ubora wa mpinduko, ya pili ni ya kina chake. Jumla ya alama huzidishwa kwa tarakimu hizo. Chukua kalamu, msomaji, tufanye hesabu ya mfano. Kundi la kwanza limepata alama 200, na mwamuzi akalipa 1.1 kwa ubora na 1.1 kwa kina. Mwisho wake ni alama 242. Kundi la pili limepata 150 tu, lakini ubora wake ni 1.4 na kina chake ni 1.2, mwisho wake ni alama 252. Kundi la pili limeshinda, ingawa lilipinduka mara chache zaidi. Kufanya sana na kufanya vizuri ni mambo mawili, na mizani iliyo kamili huyapima yote mawili.

Utauliza, ubora huo ni nini? Ni kasi ya mpinduko, ni unyofu wa mstari wa kushuka, ni mwili kujikunja ukawa duara dogo lisilotawanyika, na ni usafi wa kumaliza. Njiwa mzuri huacha kupinduka kama mtu aliyefunga mlango. Njiwa hafifu humaliza kwa kuyumba kama mlevi. Wako wanaopinduka polepole, mabawa yametanda, na wako wanaojipindua ubavuni badala ya kwenda nyuma. Mtazamaji asiyejua huwashangilia wote sawasawa. Mwamuzi huwatenga, na kuwatenga huko hakukupatikana kwa siku moja: kulitokana na miaka ya kusimama juani akitazama juu.

Ukisha hukumu ya kundi, ibaki hukumu ya njiwa mmoja mmoja, nayo ndiyo ya cheti. Mfugaji mwangalifu hamthibitishi njiwa kwa siku moja ya bahati. Humtazama msimu mzima, katika upepo na katika utulivu, akishiba na akiwa na njaa. Tena humjua kwa alama isiyoghushika. Kinda akiwa na umri wa siku saba hivi, huvishwa mguuni pete isiyo na kiungo, iliyochorwa mwaka na nambari. Siku chache baadaye mguu hunenepa, na pete haiwezi kutoka wala kuingia katika mguu wa mwingine. Tangu hapo sifa iliyoandikwa kitabuni na ndege aliye kizimbani hufungwa pamoja. Cheti kisicho na pete ni karatasi tu, kwani chaweza kusifu njiwa huyu na kuuziwa yule.

Sasa, msomaji, nakuja katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika hukumu mna hatari iliyojificha, nayo si upendeleo wala rushwa, ingawa hizo pia ni mbaya. Hatari yenyewe ni kuwa kipimo huumba kinachopimwa. Kama mwamuzi angesifu kina peke yake, wafugaji wote wangezalisha njiwa wa kushuka mbali, kila mwaka mbali zaidi, hata wapatikane njiwa wasioweza kujisimamisha. Jambo hili si la kubuni. Njiwa apindukaye kupita kiasi hupiga ardhi au paa la nyumba akafa. Mwaka 1868 Darwin aliandika juu ya njiwa wa Bara Hindi ambaye, akitikiswa kidogo na kuwekwa chini, hupinduka pale pale mavumbini asiweze kuacha mpaka ainuliwe na kutulizwa. Na hata leo wako njiwa wanaozalishwa kwa kubingirika ardhini, wakapimwa kwa urefu wa mwendo wao. Wengi wao wakikua hawawezi kuruka. Ndege asiyeruka! Aliyemsifu kwa hilo alimpokonya mbingu.

Ndiyo maana sheria ya kumrudisha njiwa katika kundi, na sheria ya kusimamisha mpinduko kwa usafi, ni sheria za huruma pamoja na kuwa sheria za mchezo. Zasema hivi kwa wafugaji: tutasifu nguvu iliyo na lijamu.

Tutazame nyumbani. Wakulima wa Nkubu hujua hukumu ya namna hii katika kahawa. Tunda likishachumwa jekundu, likamenywa kiwandani, likachachuliwa, likaoshwa na kukaushwa juu ya meza, punje hupangwa kwa ukubwa. Zile kubwa huitwa AA, zinazofuata AB, na zile za mviringo, zilizoota moja moja ndani ya tunda, huitwa PB. Lakini ukubwa si mwisho wa hukumu. Mwonjaji huisaga kahawa, huimwagia maji ya moto, huinusa, huivuta mdomoni kwa kijiko na kwa kelele, kisha huitema. Naye hutaja uchachu wake, uzito wake na ladha yake. Punje kubwa yaweza kuwa na kikombe hafifu. Basi ukubwa wa punje ni kama kina cha njiwa, na kikombe ni kama ubora wake. Mkulima ambaye kahawa yake imepimwa kwa kimoja bila cha pili, ama hupunjwa ama hupunja.

Nami kazi yangu katika chuo cha ualimu ni ya namna iyo hiyo. Huketi nyuma ya darasa, karatasi ya alama magotini, nikimtazama kijana mwenye chaki akifundisha watoto kwa mara ya kwanza maishani mwake. Karatasi ina safu za kujazwa: maandalizi, sauti, ubao, vifaa, maswali. Naweza kuhesabu maswali aliyouliza kama mwamuzi ahesabuvyo njiwa. Lakini najua kuwa nikihesabu tu, kesho wanachuo wote watauliza maswali arobaini kwa kipindi, na mtoto hatapewa nafasi ya kufikiri hata moja. Kwa hiyo huangalia pia kama swali lilimfungua mtoto, na kama mwalimu alijua kunyamaza. Cheti kitakachotokana na karatasi ile kitampeleka kijana huyo katika shule za watu, na watoto mia kwa mia watapita mikononi mwake. Nikimsifu kwa kubingirika, atabingirika nao.

Hata nchi nzima yaweza kuingia katika hatari hii. Tangu mwaka 1985 hadi mwaka 2023, watoto wa Kenya waliomaliza shule ya msingi walipimwa kwa mtihani wa KCPE. Mtihani ule uliwafungulia wengi milango, na haufai kudharauliwa. Lakini mwalimu yeyote aliyeishi nao atakushuhudia kuwa somo lisilotahiniwa lilizoea kulala, na kipindi cha kuimba au kuchora kiligeuzwa kuwa cha hesabu. Walimu hawakuwa waovu. Walikuwa wafugaji wanaozalisha kinachosifiwa.

Je, mwamuzi mwema ni nani? Kwanza, ni mjuzi: ametazama vingi kabla ya kusema kimoja. Pili, hana njiwa wake katika kundi linalohukumiwa, maana kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Tatu, hutoa hukumu yake kwa sheria iliyojulikana kabla ya ndege kuruka, asiyoigeuza baada ya kuona nani anashinda. Nne, na hili ndilo zito, huuliza kila mara: sifa ninayoitoa leo itazaa nini kesho?

Wewe, mwanafunzi, utahukumiwa mara nyingi bado, na vyeti vyako vitawekwa katika bahasha na kusomwa na watu wasiokujua. Viheshimu, na uvipate kwa haki, ili pete ya mguuni na sifa ya kitabuni viafikiane. Lakini siku itakuja ambapo karatasi ya alama itakuwa mikononi mwako: utakuwa mwalimu, au mzazi, au mkaguzi, au mnunuzi wa kahawa. Siku hiyo usiridhike na kuhesabu. Mtazame ndege anavyoshuka, umtazame anavyosimama, kisha ungoje uone kama amerudi kwa wenzake. Ndipo uandike.